Kanisa la Matofali ya Kuchoma katika Nile Magharibi: Ujenzi, Kimbilio na Ulinzi wa Maboma ya Misheni kati ya Arua na Koboko

Ikisiri

Makanisa ya Kikatoliki ya mashambani katika Nile Magharibi hutajwa kwa nadra katika maandishi ya usanifu majengo wa Afrika Mashariki, na yanapotajwa husifiwa kwa ukubwa au umri wake. Makala hii inayatazama kupitia tofali, kenchi, uwanja na matumizi. Kwa kuanzia Dadamu na misheni ya Ombaci, na kwa kulinganisha na Ediofe, Lodonga na Koboko, inaeleza jinsi kanisa la matofali ya kuchoma lilivyowezekana katika nchi iliyokuwa mbali na reli, jinsi Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulivyolibadili ndani, na jinsi boma la misheni lilivyogeuka kimbilio na kisha mahali pa mauaji mwaka 1981. Makala inadai kwamba kinachostahili ulinzi ni boma zima pamoja na kumbukumbu za matengenezo yake, na kwamba sheria za nchi na za Kanisa tayari zinatoa nafasi ya kufanya hivyo.

1. Utangulizi

Dadamu imepakana na mji wa Arua upande wa kaskazini, katika nchi ya Walugbara wa Ayivu. Kwa vizazi vingi ilikuwa nchi ya mihogo, mtama, maharage na tumbaku, yenye nyumba zilizotawanyika juu ya miinuko midogo na vijito vinavyopita mabondeni. Julai 2020 Arua ilipopewa hadhi ya jiji, Ayivu iliingizwa ndani ya mipaka ya jiji hilo, na Dadamu pamoja nayo. Kanisa lililojengwa kwa ajili ya wakulima likajikuta mjini bila kusogea hata hatua moja. Viwanja vinapimwa, barabara zinapanuliwa, waamini wanaongezeka, na kila halmashauri ya parokia inakabiliwa na swali lilelile: kanisa la zamani litengenezwe, lipanuliwe, au libomolewe lijengwe jingine?

Swali hilo kwa kawaida hujibiwa kwa hesabu ya viti na fedha, na kwa haki yake, kwa sababu waamini wanaosimama nje kwenye mvua nao wana hoja. Hata hivyo hesabu hiyo huacha jambo moja nje. Majengo ya misheni ya Nile Magharibi ni miongoni mwa hati chache zinazoonekana kwa macho za karne ya ishirini katika eneo hilo, karne ambayo nyaraka zake nyingi zilichomwa, ziliporwa au zilipotea wakati wa uhamisho. Ukuta uliobaki ni ushahidi, lakini ushahidi huo husomeka tu kwa anayejua jinsi ukuta ulivyotengenezwa.

Makala inajihusisha na aina ya jengo, yaani kanisa la parokia la matofali ya kuchoma na boma linalolizunguka, zaidi ya jengo moja moja. Kwa istilahi, Kiswahili bado hakina maneno yaliyokubalika kwa sehemu zote za kanisa. Sehemu ndefu wanamokaa waamini inaitwa hapa ukumbi wa waamini. Kilatini huiita navis, yaani chombo cha baharini, na huenda mwandishi wa pwani angeridhia kuiita jahazi. Kwa Arua, iliyo katika mgawanyo wa maji ya Nile na ya Kongo, umbali mkubwa kutoka bahari yoyote, ukumbi unatosha.

2. Nchi iliyochelewa kufikiwa

Historia ya Ukristo katika Nile Magharibi inafuata historia ya mipaka. Kuanzia 1894 sehemu kubwa ya eneo hili ilihesabiwa kuwa ndani ya Lado, nchi iliyokodishwa kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake. Alipofariki Desemba 1909, Lado ilirudishwa chini ya Sudani mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Arua ilianzishwa mwaka huohuo kama kituo cha utawala. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Dadamu mnamo 1905 alipita mikononi mwa tawala tatu kabla hajafikisha miaka kumi, bila yeye kuhama.

Wamisionari wa Comboni, shirika lenye asili yake Verona nchini Italia, waliingia Uganda kutoka kaskazini kwa njia ya Nile, tofauti na Wamisionari wa Afrika walioingia Buganda kutoka kusini mwaka 1879. Askofu Franz Xaver Geyer alifika nchi ya Waaluri mwaka 1910, na kituo cha kwanza kikawekwa Omach. Gulu ilifuata mwaka 1911, na kabla ya 1920 kulikuwa na misheni Moyo na Ediofe, kandokando ya Arua. Misheni ya Kiprotestanti ya Africa Inland Mission ilikaa Mvara, upande mwingine wa mji, kuanzia 1918. Mpaka leo mji wa Arua una sura hiyo ya vilima viwili vya dini vinavyotazamana.

Miaka hiyo haikuwa tulivu. Harakati ya Yakan, iliyohusishwa na nabii Rembe wa Kikakwa na maji yaliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, iliingia katika mapambano na utawala mnamo 1919. Hofu ya utawala kuhusu mikusanyiko ya watu ilikuwa bado mbichi wakati makatekista wa kwanza walipoanza kukusanya watu chini ya miti na katika vibanda vya nyasi.

Kiutawala, Kanisa lilikua polepole. Nile Magharibi ilikuwa sehemu ya Prefektura ya Nile ya Ikweta iliyoundwa 1923, kisha sehemu ya Gulu, na Jimbo la Arua likaundwa 1958, askofu wake wa kwanza akiwa Angelo Tarantino. Jimbo la Nebbi lilimegwa kutoka Arua mwaka 1996. Tarehe hizi zina maana kwa mtafiti wa majengo kwa sababu moja ya kivitendo: nyaraka za kanisa moja la Koboko au Dadamu zinaweza kuwa zimegawanyika kati ya parokia yenyewe, Arua, Gulu na nyumba ya shirika nchini Italia. Anayetafuta mchoro wa jengo Arua peke yake huenda akarudi mikono mitupu na kuamini kwamba haukuwahi kuwapo.

3. Kutoka kwenye boma la ukoo hadi uwanja wa misheni

Nyumba ya Kilugbara ilikuwa ya mviringo, yenye kuta za fito na udongo na paa la nyasi. John Middleton, aliyeishi kati ya Walugbara kuanzia mwishoni mwa 1949 na kuchapisha kitabu chake kuhusu dini yao mwaka 1960, alionyesha kwamba ibada ilikaa ndani ya makazi. Vijumba vidogo vya mawe vya kutolea sadaka kwa wahenga viliwekwa ndani au kandokando ya boma, na mzee wa ukoo ndiye aliyekuwa na haki ya kutoa sadaka. Nje ya makazi kulikuwa na milima miwili ya masimulizi, Eti na Liru, inayotajwa kuwa mahali pa makaburi ya mashujaa Dribidu na Jaki, mababa wa koo nyingi.

Kwa mtazamo huo, badiliko kubwa lililoletwa na kanisa halikuwa tofali wala pembe nne za jengo. Ibada iliondolewa nyumbani ikawekwa mahali ambapo hapakuwa pa ukoo mmoja. Watu ambao wasingekaa pamoja kwenye sadaka ya wahenga wakaketi katika ukumbi mmoja, wanaume upande huu na wanawake upande ule kwa desturi ya zamani ya misheni. Ndiyo maana uwanja wa misheni ulikuwa mkubwa kuliko jengo lilivyohitaji. Watu waliotembea kutoka vigango vya mbali walilala hapo mkesha wa Krismasi na Pasaka. Walipika hapo, waliamuliwa kesi hapo, na walichumbiana hapo. Shule, zahanati, nyumba ya mapadri, nyumba ya masista, karakana ya useremala, bustani na makaburi vilipangwa kuzunguka uwanja huo. Kanisa bila uwanja wake ni kama kinywa bila sauti.

Ardhi yenyewe ilitoka kwa koo. Makubaliano mengi ya awali yalikuwa ya mdomo au ya karatasi isiyo na vipimo, na mipaka ilitambulika kwa miti na vijito. Jambo hili, lililoonekana dogo wakati ardhi ilikuwa tele, linarudi sasa kwa nguvu.

4. Tofali na msimu wake

Nile Magharibi ya kati ya vita viwili vya dunia ilikuwa mbali na kila kitu ambacho mjenzi wa Kampala au Mombasa alikichukulia kuwa cha kawaida. Mzigo uliotoka pwani ulipanda reli, ukavuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, ukasafirishwa kwa barabara hadi Butiaba, ukapakiwa melini katika Ziwa Albert, ukashuka Pakwach au Rhino Camp, kisha ukapandishwa kwa lori hadi Arua. Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza uzalishaji katika miaka ya 1950, nacho kilikuwa upande mwingine wa nchi. Bandari ya Butiaba iliharibiwa na kupanda kwa maji ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na reli ilifika Pakwach mwaka 1964. Kwa hiyo katika miongo ambayo misheni nyingi zilijenga makanisa yake ya kudumu, saruji ilikuwa kitu cha kuhesabiwa kwa kijiko. Mabati, misumari na vioo vilisafiri njia ileile ndefu. Kilichokuwapo karibu kilikuwa udongo, maji, kuni na watu.

Kazi hiyo ilikuwa na msimu. Mvua huanza Aprili na kuendelea, zikipungua na kuongezeka, hadi Novemba. Udongo kwa hiyo ulichimbwa kiangazi, kati ya Desemba na Machi, pale mabonde yanapokauka kiasi cha kuingilika. Udongo wa mfinyanzi ulikandwa kwa miguu, ukajazwa katika kalibu za mbao, na matofali mabichi yakaanikwa yakiwa yamefunikwa nyasi ili jua lisiyapasue. Yalipokauka yalipangwa kuwa tanuri. Tanuri hilo halikuwa jengo la kudumu; lilikuwa ni matofali yenyewe, yamepangwa juu kwa juu na kuachiwa mapango ya kuni chini, kisha kukandikwa matope pande zote. Moto ulikaa siku kadhaa, usiku na mchana, na kupoa kwake kulichukua siku nyingine.

Tanuri la namna hii halichomi kwa usawa. Matofali yaliyo karibu na mapango ya moto huiva sana, mengine hupinda na kuwa meusi. Ya katikati hupata wekundu mzuri. Ya pembeni hubaki laini na ya rangi ya chungwa. Fundi mzoefu huyagonga mawili mawili na kusikiliza. Linalolia kama chuma huenda uso wa nje, kwenye matao na pembeni mwa madirisha. Linalotoa sauti ya kufa huenda ndani ya ukuta. Lililovunjika huwa kifusi cha sakafu. Kwa kuwa kanisa kubwa halikuweza kutosheka na tanuri moja, kuta zilipanda kwa misimu. Ukuta ambao haujapigwa plasta huonyesha hili waziwazi: mstari wa rangi hubadilika mahali tanuri moja lilipoisha na jingine kuanza, na ukubwa wa tofali hubadilika kidogo mahali kalibu ilipochakaa ikatengenezwa nyingine. Kwa jengo ambalo daftari lake limepotea, mistari hiyo ndiyo kumbukumbu iliyobaki ya muda uliotumika kulijenga.

Badala ya saruji, matofali yaliunganishwa kwa udongo, na viungo vya nje vikazibwa kwa chokaa au kwa saruji kidogo. Uamuzi huo wa lazima ulizaa mengine yote. Ukuta ulipaswa kuwa mnene, mara nyingi tofali moja na nusu au zaidi, na kuimarishwa kwa nguzo zilizotokeza nje. Msingi uliinuliwa juu ya ardhi. Paa lilipaswa kutokeza sana ili maji yasifike ukutani, na upande mmoja au pande zote mbili likaendelezwa kuwa baraza. Matao yalitumika juu ya milango na madirisha kwa sababu tao la matofali halihitaji chuma. Watazamaji wengi huona matao hayo na kusema ni mtindo wa Italia. Huenda macho ya mabruda waliokulia Verona yalichangia, lakini sababu ya kwanza ilikuwa bei ya nondo.

Mabruda wanastahili kutajwa kwa jina la kazi yao. Katika shirika la Comboni, kama ilivyokuwa kwa Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda nchini Tanzania, mabruda wasio mapadri ndio waliokuwa waashi, maseremala na mafundi mitambo. Karakana zao zilifundisha vijana, na vijana hao wakatoka kwenda kujenga shule, maduka na nyumba za watu. Ufundi wa matofali unaoonekana leo kando ya kila barabara kati ya Arua na Koboko una mizizi mingi, na mmoja wao ni karakana za misheni. Wanawake waliochota maji ya kukandia udongo na watoto wa shule waliobeba matofali mawili mawili kutoka bondeni hawamo katika orodha yoyote ya wajenzi, ingawa bila wao tanuri lisingewashwa.

Gharama iliyofichika ilikuwa kuni. Misheni nyingi zilipanda mikaratusi kwa kusudi hilo, na safu za miti hiyo bado huonyesha kwa mbali mahali misheni ilipo. Tumbaku nayo ilidai kuni zake za kukaushia, na tangu 2016, vita vya Sudani Kusini vilipoleta mamia ya maelfu ya wakimbizi katika makazi ya Bidibidi, Imvepi na Rhino Camp, mahitaji ya kuni na ya matofali yamepanda kwa pamoja. Yeyote anayependekeza kukarabati kanisa la zamani kwa matofali mapya ya kuchoma hana budi kusema kuni zitatoka wapi.

5. Umbo la ndani na mabadiliko yake

Umbo lililotumika zaidi lilikuwa rahisi: ukumbi mrefu wa pembe nne, mlango mkuu upande mmoja, altare upande wa pili ikiwa imeinuliwa kwa ngazi chache, sakristia ubavuni, na roshani ndogo ya waimbaji juu ya mlango. Parokia zenye uwezo ziliongeza vijia vya pembeni vilivyotengwa kwa nguzo, au mikono miwili iliyolipa jengo umbo la msalaba. Kengele ilining'inizwa kwenye mnara au, mara nyingi zaidi, kwenye fremu ya mbao au chuma iliyosimama peke yake uwanjani, kwa sababu mnara wa matofali yaliyounganishwa kwa udongo ni kazi ya hatari. Madirisha marefu membamba na matofali yenye matundu chini ya paa yalipitisha hewa. Paa la mabati lilikuwa ushindi dhidi ya moto na mchwa, na kushindwa kwa masikio. Mahubiri ya mwezi wa Agosti katika Nile Magharibi hukatizwa na mvua, na hakuna padri mwenye sauti ya kushindana nayo.

Lodonga, katika nchi ya Waaringa wilayani Yumbe, inaonyesha upande mwingine wa historia hii. Waaringa kwa wingi wao ni Waislamu, na hapo ndipo lilipojengwa kanisa ambalo Papa Yohane XXIII alilipa hadhi ya basilika ndogo mwaka 1961. Maria huheshimiwa hapo kwa jina la Sultana wa Afrika, jina lililochotwa katika lugha ya adabu ambayo majirani Waislamu waliielewa mara moja. Mahujaji hukusanyika hapo kila tarehe 8 Desemba. Ukubwa wa uwanja wa Lodonga hauelezeki kwa idadi ya Wakatoliki wa Aringa; unaelezeka kwa safari za watu wanaotoka Arua, Koboko, Moyo na ng'ambo ya mipaka.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioanza 1962 na kumalizika 1965, uliyakuta makanisa haya yakiwa bado mapya. Altare iliyogusa ukuta wa nyuma iliachwa au ilisogezwa mbele ili padri awaelekee waamini. Vizuizi vya kupokelea Komunyo viliondolewa katika makanisa mengi. Kilatini kilipisha Kilugbara, Kikakwa na lugha nyingine, na ngoma pamoja na adungu, zeze la nyuzi nyingi la Nile Magharibi, zikaingia ndani ya ukumbi. Badiliko hili la mwisho halijachunguzwa vya kutosha. Ukumbi mrefu wenye paa la mabati uliofaa sauti moja ya Kilatini, iliyosikika polepole kutoka mbali, haufai kwaya yenye ngoma na adungu kumi. Kwaya zikashuka kutoka roshani zikakaa karibu na altare, roshani zikawa stoo. Anayekuta leo roshani iliyojaa viti vilivyovunjika anatazama matokeo ya mageuzi ya liturujia, si uzembe wa parokia.

6. Ombaci, 24 Juni 1981

Baada ya Idi Amin, mwenyeji wa Koboko kwa ukoo, kupinduliwa Aprili 1979, Nile Magharibi ilihesabiwa yote kuwa nchi yake. Mwishoni mwa 1980 mapigano kati ya Jeshi la Taifa la Ukombozi wa Uganda (UNLA) na waasi waliotokana na jeshi la zamani yalifuatwa na visasi dhidi ya raia. Watu wengi wa Koboko na Arua walivuka mpaka kuingia Sudani na Zaire. Barbara Harrell-Bond aliandika maisha ya waliokimbilia upande wa Yei katika kitabu chake cha 1986, ambacho bado ni msingi wa masomo ya wakimbizi duniani.

Waliobaki walikimbilia misheni. Ombaci, kilomita chache kutoka Arua kwenye barabara ya Koboko, ilikuwa na majengo makubwa, kuta nene, visima, na Shule ya Mtakatifu Yosefu yenye mabweni na madarasa. Juni 1981 maelfu ya raia walikuwa wamejazana humo. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilikuwa ikitoa huduma mahali hapo. Tarehe 24 Juni, siku ambayo Kanisa huadhimisha kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, askari wa UNLA waliingia ndani ya boma na kufyatulia risasi watu waliokuwamo. Makumi ya raia waliuawa, na wengi walijeruhiwa.

Kwa mwanahistoria wa majengo, Ombaci inalazimisha swali lisilo la kawaida. Kwa nini watu walikimbilia huko? Jibu la imani lipo, na jibu la ujenzi lipo pia. Boma la misheni lilikuwa mahali pekee pa karibu penye paa kubwa la kudumu, maji, jiko la kulisha mamia, ukuta wa kuzuia risasi, na watu wenye mawasiliano na nje. Kila kilicholifanya kuwa shule nzuri kililifanya kuwa kimbilio. Na kila kilicholifanya kuwa kimbilio, hasa kujulikana kwake na mlango wake mmoja wa barabarani, kililifanya kuwa mtego. Walionusurika na jamaa za waliokufa huikumbuka tarehe hiyo hadi leo. Kumbukumbu hiyo imefungwa katika mahali mahususi: bweni hili, ujia huu, ukuta ule. Ukuta ukipigwa plasta mpya, simulizi hupoteza kidole cha kuonyeshea.

7. Kurudi na kutengeneza

Wakimbizi walirudi kwa mawimbi katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Walikuta vijiji vimefunikwa na nyasi, na majengo mengi hayana milango, fremu wala mabati. Kuta za matofali zilizoachwa bila paa kwa misimu kadhaa zilikuwa zimenyonya maji, na udongo uliounganisha matofali ulikuwa umeoshwa kutoka juu kwenda chini. Matengenezo ya miaka hiyo yalifanywa kwa haraka na kwa vitu vilivyopatikana: mbao ambazo hazijakauka, mabati membamba, saruji iliyotoka Zaire au Kampala. Wahandisi huyadharau matengenezo hayo. Dharau hiyo haina msingi. Kiraka cha 1987 ni hati ya kurudi kwa watu, sawa na tao la kwanza lilivyo hati ya kuanza kwao.

Hatari kubwa ya kiufundi ya sasa imo katika nia njema. Parokia iliyopata msaada hukimbilia kupiga kuta za zamani plasta ngumu ya saruji, ndani na nje, kisha rangi ya mafuta. Tofali lililoiva kwa kiasi na udongo uliomo kati yake vilizoea kunyonya unyevu na kuutoa. Plasta ya saruji huufungia ndani. Baada ya misimu michache uso wa tofali humomonyoka nyuma ya plasta, chumvi hutokeza, na siku plasta inapoanguka huanguka na nusu ya tofali. Wakati huohuo mifereji ya paa iliyoziba, ambayo usafi wake hugharimu ngazi na siku moja ya kazi, huachwa kwa miaka. Dawa iliyo bora kwa majengo haya ni ya kale na ya bei ndogo: paa lisilovuja, mifereji iliyo wazi, ardhi inayoteremsha maji mbali na ukuta, na viungo kuzibwa kwa mchanganyiko laini wa chokaa.

8. Sheria zilizopo na mambo ya kufanya kwanza

Uganda ililinda mahali pa kale kwa Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria ya 1967, na mwaka 2023 ikapata sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale. Mtazamo wa ulinzi nchini umeegemea zaidi mahali pa kitaifa na pa kifalme, kama Makaburi ya Kasubi yaliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2001 na kuungua 2010. Kanisa la mashambani lisilo na msanifu maarufu wala mfalme aliyezikwa ndani yake halipenyi kwa urahisi kwenye orodha ya aina hiyo, na pengine halihitaji kupenya. Njia ya karibu zaidi ni mipango ya matumizi ya ardhi ya jiji la Arua na ya Wilaya ya Koboko, inayoweza kutambua boma la misheni kuwa eneo moja lenye masharti yake, badala ya kuliona kuwa viwanja kadhaa vinavyogawika.

Suala la ardhi litangulie, kwa sababu ndilo lenye dharura. Katiba ya 1995 inatambua umiliki wa kimila, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inatoa njia ya kuuandikisha. Sehemu kubwa ya ardhi ya Nile Magharibi iko chini ya umiliki huo. Wazee wanaokumbuka mahali ukoo ulipoonyesha mpaka kwa wamisionari wanapungua. Kuupima mpaka huo wakiwa hai, mbele ya pande zote mbili, kunagharimu kidogo kuliko kesi moja mahakamani baada ya wao kufariki.

Upande wa Kanisa, Kanuni za Sheria za 1983 hazinyamazi. Kanuni ya 1216 inataka ushauri wa wataalamu katika kujenga na kukarabati makanisa. Kanuni ya 1283 inataka orodha kamili ya mali zisizohamishika na zile zenye thamani ya kiutamaduni. Kanuni ya 491 inataka jimbo liwe na kumbukumbu za kihistoria zinazotunzwa kwa utaratibu. Mshauri wa sera anayekwenda kwa askofu na hoja ya urithi wa taifa peke yake hujikuta akijadili bajeti. Anayekwenda na kanuni hizi tatu anamkumbusha askofu wajibu wake mwenyewe, na mazungumzo huanza mahali pengine.

Orodha hiyo ya mali inaweza kuanza bila mradi mkubwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni, kilicho Arua, wakiwa na utepe wa kupimia, kamera na barua ya paroko, wanaweza kuchora ramani ya kanisa moja na boma lake kwa siku chache: unene wa kuta, mistari ya matanuri, viraka, majina na tarehe zilizochongwa kwenye matofali na makaburi, na maelezo ya waashi wazee yaliyorekodiwa katika Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili. Nakala moja ibaki parokiani, moja iende jimboni, moja chuoni. Kwa Ombaci kazi hiyo ifanywe pamoja na walionusurika, nao waamue ni mahali gani paandikwe hadharani na ni wapi pabaki bila alama. Kwa makanisa yaliyo katika viunga vinavyomezwa na jiji, Dadamu zikiwemo, uchoraji huo ufanyike kabla ya ombi lolote la kupanua jengo kupitishwa, na ombi lenyewe lionyeshe ni sehemu gani ya ukuta wa zamani itaachwa bila plasta.